Pam Grier Ametoka Jela Mara Ngapi?

Katika Jackie Brown, filamu ya Quentin Tarantino ya 1997, kuna kipande kifupi ambacho wengi hukipita bila kushtuka. Jackie, mhudumu wa ndege wa miaka 44, amenaswa Los Angeles na dola 50,000 za muuza bunduki, pamoja na unga kidogo ambao hata hakujua umo mkobani. Anapelekwa ndani. Nyuma ya picha unasikika wimbo wa taratibu, sauti ya msichana anayelia na kifungo kirefu. Wimbo unaitwa Long Time Woman, na anayeuimba ni Pam Grier mwenyewe, yule yule anayeigiza Jackie. Aliurekodi kwa ajili ya The Big Doll House ya 1971, filamu yake ya kwanza ya jela. Yaani mwanamke anaingia seli akisindikizwa na sauti yake ya miaka 26 iliyopita. Na hakimu anayesikiliza kesi yake ni Sid Haig, aliyeigiza naye kwenye ile filamu ya 1971 na nyingine kadhaa baada yake.

Wapenzi wa Tarantino huuchukulia huu kama utani wa mjuaji: cheki, mimi nimeona filamu ambazo nyinyi hamjaziona. Sawa, utani upo. Lakini nimeiangalia Jackie Brown mara nyingi kuliko inavyofaa kutaja, na kila mara naona filamu inayojua kwamba kazi nzima ya Pam Grier ni stori moja ndefu ya kufungwa na kutoka, na kwamba mara nyingi akitoka, anatoka mikono mitupu. Kwa hivyo nataka kubishana na hadithi ya kawaida, ile inayosema ati Grier alipotelea kwenye takataka za miaka ya sabini hadi kijana mmoja mpenda sinema akaja kumwokoa. Ule utulivu unaotushangaza ndani ya Jackie Brown aliupata kazini, kwenye zile zile takataka, na alitozwa bei kubwa.

Kwa wasiozijua, filamu za jela ya wanawake zina mapishi yake, kama pilau. Msichana mpya analetwa kwa basi au lori. Anavuliwa nguo, anakaguliwa. Lazima kuwe na tukio la bafuni. Lazima kuwe na mlinzi mkatili, na mara nyingi ni mwanamke anayependa wanawake, kwa sababu waandishi wa hizi filamu waliona hayo mawili ni kitu kimoja. Kuna kupigana matopeni. Kuna chumba cha mateso. Mwishoni wafungwa wanashika bunduki, jela inachomeka, na wengi wanakufa wakikimbia. Hollywood iliwahi kuzitengeneza kwa heshima. Caged ya 1950 ilimpa Eleanor Parker uteuzi wa Oscar. Lakini kufikia 1969, Jess Franco wa Uhispania alipotoa 99 Women, heshima ilikuwa imeachwa getini.

Roger Corman, aliyeanzisha kampuni yake ya New World Pictures mwaka wa 1970, alizipenda kwa sababu za mfanyabiashara. Hazihitaji nyota. Hazihitaji mavazi ya maana. Watazamaji wake walikuwa vijana waliojaa kwenye sinema za draivu-in kote Marekani, na vijana wa draivu-in hawakuulizia maandishi mazuri. (Sisi pia tulikuwa nazo. Wanaoshuka stejini Bellevue, Mombasa Road, wanalitaja jina la draivu-in kila siku bila kujua.) Kilichobaki kilikuwa kutafuta mahali pa kupigia picha kwa pesa kidogo, na jibu likawa Ufilipino. Kule kulikuwa na mafundi wa filamu wenye uzoefu wa miaka mingi, wanaojua Kiingereza na wanaolipwa kidogo. Msitu ulikuwa karibu na mji.

Huko ndiko Pam Grier alikopelekwa. Alizaliwa 1949 North Carolina, baba yake akiwa mwanajeshi wa jeshi la anga, familia ikahama hama mpaka ikatulia Denver. Mwishoni mwa miaka ya sitini alihamia Los Angeles, na alikuwa akipokea simu kwenye ofisi za American International Pictures wakati mwongozaji Jack Hill alipompa nafasi. Hakuwa nyota na hakuna aliyemdanganya kuwa atakuwa. Amesimulia kwenye mahojiano kwamba kabla ya kusafiri alijisomea kitabu cha Stanislavski kuhusu kazi ya mwigizaji. Hebu fikiria hiyo. Umeitwa msituni kuoga mbele ya kamera, na wewe umebeba Stanislavski kwenye begi.

Ile 1971 alitoa mbili. The Big Doll House naipita haraka, kwa kuwa ndani yake Grier bado anajipima. Ana sauti, ana urefu, ana namna ya kuegemea ukuta kama mtu anayengojea matatu ambayo anajua itachelewa. Kamera inamtaka kwa mwili, yeye anaijibu kwa uso. Tabia yake, Grear, haifiki mwisho ikiwa hai.

Women in Cages ndiyo inayonikosesha raha mpaka leo. Iliongozwa na Gerardo de León, mmoja wa waongozaji wakubwa wa Ufilipino, na inaonekana: giza lake ni giza kweli, limepangwa. Safari hii Grier yuko upande wa pili wa nondo. Yeye ndiye mlinzi, anaitwa Alabama, ana chumba chake cha mateso, ana mjeledi, na anayeteswa ni msichana mweupe wa Kiamerika aliyeingizwa matatani na mpenzi wake muuza dawa. Tunaambiwa Alabama alitoka Harlem na kwamba Harlem ndiyo iliyomfanya alivyo. Basi, mwanamke mweusi mwenye jina la jimbo la watumwa anamchapa mwanamke mweupe. Watengenezaji walijua wanachouza. Kwa mtazamaji mweupe ni jinamizi tamu, na kwa mtazamaji mweusi wa 1971 huenda ilikuwa kitu kingine, kisasi cha dakika themanini kwa bei ya tikiti.

Grier anafanya nini nacho? Hamfanyi Alabama katuni. Ukimtazama kwa makini, kuna wakati anamaliza kutesa na uso unabaki mtupu, kama mfanyakazi wa zamu ya usiku anayefunga duka. Hakuna raha pale. Ninaamini yeye peke yake kwenye ile seti ndiye aliyeelewa kwamba mlinzi wa jela naye anaishi jela. Lakini skripti haikumwachia nafasi ya kulisema hilo. Filamu inamlipa Alabama kwa ukatili ule ule aliokuwa akiutoa, na zaidi, kisha inaendelea na wasichana weupe. Sijawahi kuona mtu akitetea ule mwisho, hata wale wanaoitetea filamu nzima.

The Big Bird Cage ya 1972 ni kama likizo. Jack Hill tena, Sid Haig tena, na safari hii kila kitu ni kichekesho. Grier ni Blossom, mpiganaji wa msituni anayejiingiza jela kwa hiari ili awachochee wafungwa watoke. Nampenda Blossom. Anaingia kwenye ile kambi ya miwa kama mtu aliyenunua kiwanja. Naye pia anakufa. Ukihesabu vizuri, filamu tatu, maiti tatu. Wasichana wanaofika mwisho wana rangi nyingine.

Kabla sijafika kwenye ya nne, lazima niseme kuhusu nchi yenyewe, kwa sababu mashabiki wa hizi filamu hupenda kuizungumzia Ufilipino kama pazia lililochorwa. Jela zinazoonekana ziko kwenye nchi ya kubuni yenye dikteta wa kubuni na waasi wa kubuni. Septemba 1972, Ferdinand Marcos alitangaza utawala wa kijeshi, na maelfu ya watu wakasombwa kuwekwa kizuizini. Kuna mwanamke aliyeitwa Lorena Barros, mshairi, mwanzilishi wa chama cha wanawake cha MAKIBAKA. Alikamatwa 1973. Akatoroka 1974. Mwaka wa 1976 aliuawa na wanajeshi. Black Mama, White Mama, filamu yenye mwanamke mwanamapinduzi anayetoroka jela kwenye kisiwa kama Ufilipino, iliingia sinema za Marekani 1973 hiyo hiyo. Sisemi mtu yeyote kwenye ile filamu alimjua Barros. Nasema tu kwamba wakati vijana wa California wanapiga honi kushangilia watoro wa kubuni, mtoro wa kweli alikuwa na miaka mitatu ya kuishi, na hadithi yake haikuuzwa popote kwenye draivu-in.

Sasa, Black Mama, White Mama. Iliongozwa na Eddie Romero, Mfilipino mwingine mwenye jina, na mmoja wa waliobuni hadithi yake ni Jonathan Demme, yule yule ambaye miaka baadaye alitengeneza The Silence of the Lambs. Wazo limeazimwa kutoka The Defiant Ones ya 1958: wafungwa wawili, mweusi na mweupe, wamefungwa mnyororo mmoja, wanakimbia. Grier ni Lee Daniels, kahaba aliyemwibia bosi wake pesa na kuzificha. Margaret Markov ni Karen, mwanamke mweupe aliyejiunga na waasi wa kisiwa.

Mapema kwenye filamu kuna bafu, kama kawaida ya mapishi. Lakini nyuma ya ukuta kuna tundu, na kwenye tundu kuna jicho la mlinzi mwanamke anayechungulia na kujifurahisha. Kamera inamwonyesha yeye, kisha wanaooga, kisha yeye tena. Nimesoma wanaosema hapa filamu inamcheka mtazamaji, inamwambia: wewe ndiye huyo kwenye tundu. Huenda. Mimi naona ni ujanja wa zamani sana. Unamleta mtu mwingine wa kubeba aibu, halafu unaendelea kutazama ukiwa safi. Mchunguliaji ni yule mlinzi mwovu, na sisi tumekuja kuangalia stori tu.

Tusijifanye tuko mbali na hilo tundu. Gereza la Wanawake la Lang'ata limewahi kuandaa mashindano ya urembo ya wafungwa, na picha zilipofika mitandaoni unakumbuka maoni yalivyokuwa. Wanaume wakiomba wakamatwe. Vicheko vya machozi. Mwenye kuandaa labda alitaka wafungwa wajihisi watu, na sina ugomvi na hilo. Lakini jicho lililopokea zile picha lilikuwa limeshafundishwa kazi: mwanamke, ukuta, mlango uliofungwa. Hakuhitaji kuwa ameona filamu hata moja ya Corman.

Turudi kwa Lee na Karen. Wanafungiwa pamoja kwenye kisanduku cha bati juani. Kisha wanatiwa pingu ya mnyororo, basi linaviziwa, wanatoroka, na hapo ndipo filamu inapoanza kuwa na akili. Karen anataka kwenda upande mmoja, kwa sababu waasi wanamngoja na bunduki za mapinduzi zinamtegemea. Lee anataka upande mwingine, kwa sababu pesa zake ziko huko na mashua inaondoka. Wanavutana, kihalisi, mnyororo ukiwakata mikono. Wanaiba majoho ya watawa wajifiche, na bado wanagombana ndani ya majoho.

Kila niliyeangalia naye hii filamu huanza upande wa Karen. Ana lengo kubwa, mwenzake ana tamaa ya pesa. Lakini sikiliza Grier anavyozitamka hoja za Lee, bila kuomba msamaha, na utaona mizani ikihama. Karen anaweza kumudu mapinduzi. Amechagua kuwa pale. Lee hakuchagua chochote. Amefanya kazi kwa mwili wake, kazi hiyo imemtajirisha mwanaume, na sasa anataka haki yake kwa noti. Anadai malimbikizo ya mshahara. Grier anamwigiza kama mtu anayefuatilia malipo ofisini kwa mara ya saba, ambaye ameshapita hasira na amebaki na hesabu tu. Na hii ndiyo filamu ya kwanza ya jela ambapo anafika mwisho akiwa hai. Karen anauawa. Lee anaondoka na mashua, na pesa zake anazo.

(Walirudishwa pamoja 1974 kwenye The Arena, Grier na Markov, iliyopigwa Italia. Jela ni uwanja wa Warumi na wafungwa ni watumwa wanaopigana kwa mapanga. Unaweza kuiruka.)

Swali ambalo hizi filamu huzua kila zikitajwa ni kama zilimkomboa mwanamke au zilimuuza. Mashabiki husema: angalia, hakuna mwanaume anayewaokoa, wanajiokoa wenyewe, wanashika bunduki, wanaongea wanavyotaka, Hollywood ya heshima wakati huo ilikuwa inawapa wanawake weusi nini, sahani za kuosha? Hoja hiyo ina uzito, na kwenye Machete Maidens Unleashed!, ile documentari ya Mark Hartley ya 2010 kuhusu filamu za Ufilipino, utawasikia baadhi ya waliokuwepo wakijieleza wenyewe. Upande wa pili husema: bunduki inashikwa dakika kumi za mwisho, baada ya saa nzima ya kuvuliwa nguo na kuchapwa. Hiyo nayo ni kweli, saa inasema.

Mimi nimechoka na mizani hiyo, kwa sababu inauliza filamu zilifanya nini na inamsahau aliyekuwa kazini. Fremu ilitengenezwa na wengine, kwa pesa za wengine, kwa macho ya wengine. Ndani yake mwanamke wa miaka 22 alijifunza mahali taa ilipo, jinsi ya kusimama ili kamera ikitaka kifua ipate jicho kwanza, jinsi ya kutamka sentensi mbovu kana kwamba inamgharimu kitu. Huko pia aliugua vibaya. Kwangu hiyo ni kazi, na tunajua maana ya kazi ya aina hiyo hapa mjini, ile unayoifanya vizuri ndani ya kampuni isiyokustahili.

Baadaye likaja lile wimbi lililoitwa blaksploitesheni, na hapo ndipo jina lake likawa kubwa. Coffy ya 1973: nesi anayewawinda wauza unga walioharibu mdogo wake. Foxy Brown ya 1974: anamlipizia kisasi mpenzi wake. Zote za Jack Hill, na zote ni tamu. DJ Afro angezipata, zingetufaa mtaani hadi leo. Kwenye Coffy anaficha wembe kwenye nywele, kwenye Foxy Brown ni bastola. Afro yake, iliyokuwa pambo la mabango, inakuwa ghala la silaha, na anayemshika nywele ndiye anayekatwa mkono. Sijui wazo zuri zaidi kuhusu nywele zetu katika sinema yoyote.

Lakini angalia, hata hapo jela imemfuata. Katikati ya Foxy Brown anapelekwa kwenye nyumba ya shambani, anafungwa, anadungwa dawa, anabakwa. Kisha anajifungua, anapachoma moto. Mapishi ni yale yale ya Manila, wameondoa nondo tu. Mwaka wa 2010 Grier alitoa kitabu cha maisha yake, Foxy: My Life in Three Acts, na humo aliandika kwamba alibakwa akiwa na miaka sita, na tena alipokuwa kijana. Sikuiangalia ile sehemu ya shambani kwa macho yale yale baada ya kusoma. Aliyekuwa akicheza alijua. Wale waliokuwa nyuma ya kamera walikuwa wakijaza ukurasa wa mapishi, na mbele yao alikuwepo mtu mmoja mwenye ujuzi asioutaka, akiwapa uso ambao hawakuuomba. Wanaocheka kwenye maonyesho ya usiku wa manane, wakishangilia kila pigo kama kichekesho cha enzi, wanicheke na mimi nikitoka.

Friday Foster ya 1975 huwa haitajwi sana, na mimi ningependa itajwe. Ndani yake ni mpiga picha wa jarida. Baada ya miaka minne ya kutazamwa kupitia matundu, nondo na majani ya migomba, anashika kamera. Filamu yenyewe ni ya wastani, inarukaruka kama katuni za magazeti ilikotoka, ila kila anapoinua ile kamera usoni kuna kitu kinageuka. Ilikuwa moja ya filamu zake za mwisho na American International. Wimbi la filamu za watu weusi likakauka muda mfupi baadaye, na studio kubwa hazikuwa na nafasi ya mwanamke mweusi mrefu asiyetabasamu ovyo.

Miaka ishirini na kitu nitaipita kwa aya moja, kama Hollywood ilivyoipita. Alikuwa muuaji aliyelewa unga kwenye Fort Apache, the Bronx, 1981, na anatisha kweli. Alikuwa mchawi kwenye filamu ya Disney. Mwaka wa 1988 aliambiwa ana saratani na kwamba hana muda mrefu, na akapona. Aliomba nafasi kwenye Pulp Fiction, akaikosa.

Halafu Tarantino akachukua Rum Punch, riwaya ya Elmore Leonard ambayo mhusika wake ni mwanamke mweupe, Jackie Burke, akambadilisha awe mweusi na kumwita Brown. Filamu inaanza na Grier amesimama kwenye ule mkanda unaowabeba abiria uwanjani, sare ya buluu, ukuta wa vigae ukipita nyuma yake. Kamera inamfuata kwa ubavu, muda mrefu, bila haraka. Hafanyi lolote. Amesimama tu, anabebwa. Kwa mara ya kwanza katika hizi filamu zote kamera inamtazama na hakuna inachosubiri avue.

Na ile jela? Ni fupi mno. Hakuna bafu, hakuna mlinzi mwovu. Wimbo wa 1971 unabeba yote hayo kwa niaba yake, kama mzigo ambao umeshabebwa. Kinachopewa muda ni kutoka. Ni usiku, Max Cherry, wakala wa dhamana anayeigizwa na Robert Forster, amesimama nje akimngojea mteja asiyemjua. Anatokea mbali, anatembea kuja, nywele zimevurugika, amechoka, na uso wa Max unabadilika polepole. Huyo pia ni mtu anayetazama. Ila ameona mwanamke mzima anayetembea kwa miguu yake kutoka getini, na hana tundu la kujifichia, naye anaonekana.

Asubuhi yake wanakunywa kahawa nyumbani kwa Jackie na kuzungumzia uzee. Ananyakua dola 16,000 kwa mwaka kwenye kampuni ndogo ya ndege, na akipoteza hiyo ataanza upya akiwa na miaka 44, na kuanza upya kunamtisha kuliko muuza bunduki. Grier anaisema kama bili ya stima. Hapo namsikia Lee Daniels kabisa. Wote wawili wana bosi anayetajirika kwa kazi yao, wote wana mtu mwenye lengo kubwa anayewavuta mkono (kwa Lee ni Karen na mapinduzi yake, kwa Jackie ni polisi na kesi yao), na wote wameamua kwamba wao watafuata pesa. Jackie anawazungusha polisi na bosi hadi anabaki na nusu milioni. Max anachukua asilimia 10 yake na kukataa kwenda naye Uhispania. Anaondoka kwa gari, midomo ikifuata maneno ya wimbo wa Bobby Womack, macho yakiwa na maji ambayo hayadondoki. Lee alikuwa na mashua.

Siwezi kumpa Tarantino sifa zote. Ana tabia ya mkusanyaji. Alikuwa na mabango ya Grier ofisini, na kuna sehemu unahisi anampanga kama bango. Lakini utulivu ule hauandikwi kwenye skripti. Mtu huutoa alikoufanyia kazi. Msimu wa tuzo ulipofika, Forster aliteuliwa kuwania Oscar, na alistahili, ni mzuri sana. Grier aliteuliwa Golden Globe, na Oscar ikampita. Filamu ina jina lake, uso wake unaifungua na kuifunga, na aliyeitwa ni yule aliyekuwa akimtazama.

Ukitaka kuanza, anza na Black Mama, White Mama, kisha uweke Jackie Brown usiku huo huo, bila kitu katikati. Coffy iangalie na marafiki wenye kelele. Friday Foster ni ya Jumapili mchana. Women in Cages iache mwisho, na usiiangalie peke yako. Ikifika kwenye Alabama akimaliza kazi na uso umebaki mtupu, simamisha hapo kidogo, mwangalie vizuri.